Mji Unapofika Wesha: Haki ya Mwananchi na Wajibu wa Mtumishi

(Mazungumzo kwa watumishi wa umma na walimu)



Anayetoka Chake Chake kuelekea magharibi hufika Wesha baada ya mwendo mfupi tu. Wesha ni shehia ya wakulima na wavuvi, lakini pia ni bandari. Hori ya Chake Chake ina kina kifupi, na maji yanapokupwa chombo kikubwa hakiwezi kuufikia mji. Ndiyo maana tangu zamani Wesha imekuwa mahali pa kushushia na kupakia shehena ya mji huo. Hapo ndipo hupandia chombo wale wanaokwenda Kisiwa cha Misali. Hapo pia ndipo kilipo kituo cha umeme kilichopokea umeme wa gridi kutoka Tanga mwaka 2010, ulipovuka mkondo wa Pemba kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Kwa hiyo Wesha si pembe iliyosahauliwa. Ni mlango wa mji, na mlango wa mji haukai siku nyingi bila ya kuwa sehemu ya mji wenyewe.

Hesabu za watu nazo zinasema hivyo hivyo. Katika sensa ya mwaka 2012 kisiwa cha Pemba kilikuwa na watu 406,848. Katika sensa ya mwaka 2022 walihesabiwa watu 543,441. Katika muda wa miaka kumi wameongezeka watu zaidi ya 136,000, katika kisiwa ambacho ukubwa wake ni kiasi cha kilomita za mraba 1,000, na ambacho sehemu kubwa ya ardhi yake ni vilima vya mikarafuu, mabonde ya mpunga na mikoko ya pwani. Watu hawa wanahitaji nyumba, skuli, njia, masoko na makaburi. Miji ya Chake Chake, Wete na Mkoani haina budi kutanuka. Swali si kama mji utafika kwa jirani zake. Swali ni kwamba utakapofika, mwenye konde na mwenye nyumba ya udongo atakuwa na sauti gani, na ni nani atakayemwonyesha mlango wa kupigia hodi.

Swali hilo ndilo shabaha ya mazungumzo haya. Linawahusu watumishi wa umma kwa sababu wao ndio wanaoandika barua, kubandika matangazo na kupokea malalamiko. Linawahusu walimu kwa sababu kijijini barua yenye mhuri haisomwi na mwenyewe peke yake. Hupelekwa kwa mwalimu. Mwalimu akiisoma vibaya, mwananchi hupotea njia akiwa ameshikwa mkono.

Mambo manne yasiyofaa kuchanganywa

Kosa la kwanza linalowapotezea wananchi haki zao ni kuchanganya mambo ambayo sheria imeyatenga. Mji unapoingia kijijini hutokea mambo manne, na kila moja lina mlango wake.

Jambo la kwanza ni mpaka. Hapa linaamuliwa eneo fulani litakuwa chini ya baraza gani: la mji au la wilaya. Jambo la pili ni mpango wa matumizi ya ardhi. Hapa linaamuliwa wapi pajengwe nyumba, wapi pawe soko, wapi pabaki shamba, na njia zipite wapi. Jambo la tatu ni kibali na sheria ndogo ndogo. Hapa mtu mmoja anaruhusiwa au anakataliwa kujenga, kufungua duka, kufuga au kuchimba mchanga, au anatozwa ada na faini. Jambo la nne ni utwaaji wa ardhi na fidia. Hapa Serikali inachukua ardhi ya mtu kwa ajili ya manufaa ya umma, na mtu huyo anastahili kulipwa.

Mwananchi wa kawaida huyaona yote haya kuwa ni jambo moja, nalo huliita "mji unatuchukulia ardhi". Kwa hiyo mpaka unapotangazwa, hupigana kama kwamba shamba lake limekwisha kutwaliwa. Na mpango wenyewe unaochora barabara juu ya shamba lake unapobandikwa ukutani, hukaa kimya, kwa kuwa anadhani vita vilikwisha zamani. Amepiga kelele pasipokuwa na hatari, akanyamaza palipokuwa na hatari. Majuto ni mjukuu, huja baadaye.

Mpaka

Ikumbukwe kuwa mpaka wa utawala si mpaka wa mali. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, kwa mabadiliko yake ya mwaka 2010, ilimpa Rais wa Zanzibar uwezo wa kuigawa nchi katika mikoa, wilaya na maeneo mengineyo kwa kufuata utaratibu uliowekwa na sheria ya Baraza la Wawakilishi. Serikali za mitaa nazo zimetajwa katika Katiba hiyo, na muundo wake umewekwa na sheria. Sheria Namba 3 na Namba 4 za mwaka 1995 ziliweka Baraza la Manispaa na mabaraza ya wilaya na miji. Baadaye zikafuatiwa na Sheria Namba 7 ya mwaka 2014. Sheria Namba 8 ya mwaka huo huo ilihusu utawala wa mikoa, na humo ndimo ilimowekwa nafasi ya sheha.

Mipaka ya majimbo ya uchaguzi ni jambo jingine tena. Hiyo ni kazi ya Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar. Mwaka 2015 Tume hiyo iliongeza majimbo kutoka 50 hadi 54. Jimbo linaweza kubadilika na baraza lisibadilike. Shehia inaweza kuhamishwa jimbo na ada ya soko ikabaki ile ile. Mwananchi anayekwenda kwa diwani kulalamikia mpaka wa jimbo, au anayeiandikia Tume kulalamikia ada ya soko, anapoteza wakati wake.

Basi shehia inapohamishwa kutoka baraza la wilaya kwenda baraza la mji, hubadilika nini? Hubadilika anayetoza ada, anayetunga sheria ndogo ndogo, anayezoa taka, na pengine anayepokea maombi ya ujenzi. Haki ya mtu juu ya ardhi yake haibadiliki kwa tendo hilo peke yake. Katika Zanzibar, Sheria ya Matumizi ya Ardhi Namba 12 ya mwaka 1992 imeifanya ardhi yote kuwa ya umma, chini ya dhamana ya Rais, na mwananchi akawa na haki ya matumizi. Haki hiyo aweza kuipata kwa kupewa na Waziri, kwa kutambuliwa katika upimaji na uhakiki wa ardhi, kwa kurithi, kwa kununua au kwa kupewa zawadi. Haki hii haiulizi kama mtu yuko mjini au shamba.

Tanzania Bara mambo yamepangwa kwa njia nyingine, na walimu waliosoma huko wasiilete hali ya huko hapa. Bara kuna ardhi ya kijiji, inayosimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa Sheria Namba 5 ya mwaka 1999. Kijiji kikimezwa na mji, huacha kuwa kijiji, na madaraka ya halmashauri yake juu ya ardhi huondoka pamoja na kijiji chenyewe. Huko mpaka unagusa ardhi moja kwa moja. Wesha hauigusi. Anayewatisha wananchi kwa kusema kuwa mpaka mpya umefuta haki zao anawadanganya. Na anayewalaza usingizi kwa kusema kuwa baada ya mpaka hakuna lijalo, huyo naye anawadanganya, maana baada ya mpaka huja mpango.

Mpango

Mpango ndio penye uzito. Sheria za mipango ya miji katika Afrika Mashariki zilirithiwa kutoka Uingereza, ambako sheria kubwa ya mipango ya miji na vijiji ilipitishwa mwaka 1947. Zanzibar ilipata Dikrii yake ya mipango ya miji mwaka 1955, na Tanganyika ikapata sheria yake mwaka 1956. Wazo la msingi ni lile lile: eneo hutangazwa kuwa ni la kupangwa, rasimu ya mpango hutayarishwa na wataalamu, rasimu huwekwa wazi ili watu waione, wenye pingamizi huandika, pingamizi husikilizwa, ndipo mpango hupata idhini na kuwa sheria.

Tazama mahali pa mwananchi katika safari hiyo. Mlango wake umo katikati, kati ya rasimu na idhini. Kabla ya hapo hakuna cha kupinga, kwa kuwa mchoro haujatoka. Baada ya hapo mpango umekwisha kuwa na nguvu, na kuubadilisha ni kazi ngumu inayohitaji mawakili na Mahakama Kuu. Mlango huu hufunguliwa kwa siku chache na haubishwi hodi mara mbili. Kwa hiyo yule anayebandika tangazo mahali ambapo hapana mtu apitapo, au anayebandika ramani yenye alama ambazo ni mchoraji peke yake azijuaye, hakuvunja sheria kwa maandishi, lakini ameifunga milango yake.

Zanzibar ina historia ndefu ya mipango. Mji wa Unguja ulichorewa mpango na Lanchester mwaka 1923, na Kendall mwaka 1958, na wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki mwaka 1968, kisha na wataalamu wa Kichina mwaka 1982. Baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba ya ghorofa ya makazi yalijengwa Michenzani, na huku Pemba yakajengwa Madungu mjini Chake Chake na pia Wete na Mkoani. Majumba hayo yangali yakisimama. Yanathibitisha kuwa mpango ni kitu chenye nguvu: mstari uliochorwa mezani hudumu ardhini kwa miaka hamsini na zaidi. Yanathibitisha pia kuwa mipango iliyopita ilichorwa zaidi na wataalamu kuliko na wakaazi. Kizazi cha leo, ambacho watoto wake wengi wanakwenda skuli, hakina sababu ya kuukubali utaratibu huo.

Kibali na sheria ndogo ndogo

Jambo la tatu ndilo linalowagusa watu kila siku. Baraza lina uwezo wa kutunga sheria ndogo ndogo, lakini sheria hizo haziwi sheria kwa kutamkwa mkutanoni. Lazima zipate idhini ya mamlaka iliyo juu na zitangazwe katika Gazeti Rasmi. Mwananchi anayetozwa faini ana haki ya kuuliza: faini hii imetoka katika sheria gani, ya mwaka gani, kifungu gani? Mtumishi anayeulizwa hivyo asikasirike. Akijibu, amejenga heshima ya baraza. Asipoweza kujibu, basi huenda faini hiyo haina mguu wa kusimamia.

Anayekataliwa kibali naye anastahili mambo matatu: kukataliwa kwa maandishi, kupewa sababu, na kuambiwa wapi pa kukata rufaa na kwa muda gani. Katiba ya Zanzibar, katika kifungu cha 12, imeweka msingi kuwa pale haki ya mtu inapoamuliwa na mahakama au chombo kingine, mtu huyo awe na haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Neno "chombo kingine" lina maana kubwa. Kamati ya baraza inayokaa kuamua maombi ya ujenzi ni chombo. Afisa aliye nyuma ya meza, anapoandika "haikukubaliwa", naye amekuwa mwamuzi. Neno hilo moja bila sababu si uamuzi, ni ukuta.

Majirani wa Kenya wameandika jambo hili waziwazi katika Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Anayekataliwa kibali na kaunti hupewa siku 14 za kukata rufaa mbele ya kamati maalumu ya usuluhishi ya kaunti, na asiporidhika huenda katika mahakama ya mazingira na ardhi. Siku 14 ni wiki mbili tu. Barua ikilala wiki moja katika meza ya karani na siku tano katika mkoba wa mpeleka barua, mwananchi amebakiwa na siku mbili. Kwa mfano huu inaonekana kuwa haki ya rufaa huweza kuuawa bila ya mtu yeyote kusema "hapana". Huuawa na uzembe.

Utwaaji na fidia

Jambo la nne ni zito kuliko yote. Katiba ya Zanzibar, katika kifungu cha 17, inamlinda mtu asinyang'anywe mali yake ila kwa mujibu wa sheria, kwa sababu za umma, na kwa malipo ya fidia. Lakini fidia haijilipi. Hulipwa kwa anayejulikana, kwa kitu kilichohesabiwa, kwa thamani iliyokubaliwa au iliyoamuliwa.

Hapo ndipo Wesha, kama Pemba nzima, ina shida zake yenyewe. Shida ya kwanza ni miti. Katika visiwa hivi mti na ardhi havikuwa siku zote mali ya mtu mmoja. Mtu aweza kuwa na mikarafuu au minazi juu ya ardhi ya mwenziwe, na sheria ya mwaka 1992 imekubali kuwa miti inaweza kutengwa na ardhi na kumilikiwa peke yake. Kwa hiyo mpimaji anayehesabu shamba na kuandika jina moja tu huenda amempa mmoja haki ya wawili. Shida ya pili ni urithi. Mashamba mengi yangali katika jina la babu aliyekwisha kufariki, na warithi wake wako Wesha, Unguja, Dar es Salaam, Mombasa na hata Muscat. Mirathi haijagawiwa, na siku ya fidia inapofika, kila mmoja huja na shahidi wake. Shida ya tatu ni zile eka tatu tatu zilizogawiwa na Serikali ya Mapinduzi baada ya ardhi kufanywa mali ya Serikali kwa Dikrii ya mwaka 1965. Waliopewa wengi wao hawapo tena, na karatasi zao zimeliwa na mchwa.

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Hakuna mahali pa kuonyesha ukweli wa neno hilo kuliko hapa. Mirathi isuluhishwe sasa mbele ya Kadhi, au kwa msaada wa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, kabla mpimaji hajafika na utepe wake. Haki ya ardhi itambuliwe na iandikwe kwa Mrajis wa Ardhi kabla ya mgogoro, kwa kuwa baada ya mgogoro kila karatasi hutiliwa shaka. Na mgogoro ukizuka, upelekwe mahali pake: Sheria Namba 7 ya mwaka 1994 iliunda Mahakama ya Ardhi kwa ajili ya mashauri ya namna hiyo, na juu yake ikaweka rufaa kwa Mahakama Kuu. Sheha ni msuluhishi na shahidi mkubwa wa mambo ya shehia yake, lakini sheha si hakimu wa ardhi, na haifai kumtwika mzigo ambao sheria haikumpa.

Mfano wa mkulima mmoja

Ili jambo lieleweke, na litazamwe kwa mfano. Mkulima wa Wesha ana konde la muhogo, minazi kumi na miwili na nyumba ya vyumba viwili. Siku moja anaona vigingi vyekundu vimepigwa kati ya minazi yake. Afanye nini?

Asiving'oe. Kung'oa kigingi cha mpimaji ni kosa, na kosa hilo litamfanya mdai awe mshitakiwa. Kwanza, aende kwa sheha aulize ni nani aliyetuma wapimaji na kwa kazi gani: ni kupima mpaka wa baraza, ni kutayarisha mpango, ama ni kutwaa ardhi? Pili, aiombe afisi iliyotajwa, kwa maandishi, nakala ya tangazo na ya ramani. Aandike tarehe, na abaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Tatu, asome muda wa kuweka pingamizi uliotajwa katika tangazo, na auhesabu kwa kalenda, siyo kwa makisio. Nne, aandike pingamizi fupi lenye hoja: jina lake, shehia yake, mahali konde lilipo, alivyolipata, vilivyomo, na njia nyingine anayoipendekeza. Pingamizi linalosema "napinga" ni hafifu. Pingamizi linalosema "barabara hii inaweza kupita pembeni mwa konde bila ya kuvunja nyumba tano" lina nguvu. Tano, majirani wenye shida moja waandike pamoja. Sita, wakijibiwa vibaya au wasipojibiwa, wapande ngazi ya juu yake, wakiwa na karatasi zote mkononi. Saba, iwapo mradi ni mkubwa na unagusa pwani, mikoko au maji, waulize kuhusu tathmini ya athari za mazingira, maana Sheria ya Mazingira ya Zanzibar Namba 3 ya mwaka 2015 inaitaka tathmini hiyo kwa miradi ya namna hiyo, na wakaazi wana nafasi yao ndani yake.

Hatua hizi saba hazihitaji fedha nyingi. Zinahitaji karatasi, kalamu, tarehe, na mtu mmoja anayejua kusoma na aliye tayari kukaa saa moja na jirani yake.

Je, rufaa huchelewesha maendeleo?

Wako watumishi wanaosema kuwa ukiwafungulia wananchi milango yote hii, hakuna skuli itakayojengwa wala barabara itakayopita. Hoja hii isidharauliwe. Ni kweli kwamba wako watu wanaosikia habari za mradi wakakimbilia kupanda migomba na kuinua vibanda usiku ili wahesabiwe fidia. Ni kweli pia kwamba mtu mmoja mkaidi anaweza kuizuia njia inayongojewa na wagonjwa wa shehia nzima. Sheria haikuwekwa kwa ajili ya hao, na mtumishi ana wajibu wa kuwakatalia bila ya woga.

Lakini tazama upande wa pili. Mwaka 2008 Serikali ilipotangaza mpango wa mji mpya wa Kigamboni, ng'ambo ya bandari ya Dar es Salaam, wakaazi walizuiwa kuendeleza maeneo yao wakati mpango ukitayarishwa. Miaka ikapita. Mtu hakuweza kuongeza chumba, wala hakulipwa aondoke. Mwishowe mji ule haukujengwa kama ulivyotangazwa. Waliopoteza hapo si wakaazi peke yao. Serikali nayo ilipoteza miaka, na pia imani ya watu, ambayo ni mtaji mkubwa kuliko saruji. Mpango wa jumla wa Dar es Salaam wa mwaka 1979 nao ulikusudiwa miaka ishirini, ukamalizika muda wake, na mji ukaendelea kukua bila ya kuungojea mpango mwingine. Katika mifano yote miwili kilichochelewesha mambo si pingamizi za wakulima. Ni mipango iliyoachana na watu.

Pingamizi linalosikilizwa mapema ni rahisi. Mstari wa penseli hufutwa kwa raba. Barabara ya lami haifutwi, na nyumba iliyovunjwa kimakosa haisimamishwi kwa barua ya kuomba radhi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika mambo ya ardhi, wanaoujenga ukuta huo ni watoto wa wale walioudharau ufa.

Wajibu wa mtumishi, wajibu wa mwalimu

Basi kila mmoja ana kazi ya kufanya, nayo si kubwa kupita uwezo wake.

Mtumishi wa umma aandike tarehe juu ya kila karatasi anayoipokea, na atoe risiti yake. Abandike tangazo penye watu: msikitini baada ya kuomba ruhusa, dukani, bandarini, skulini, na kwenye afisi ya sheha, na atangaze kwa mdomo pia, kwa kuwa mvuvi anayeondoka alfajiri hasomi ukuta. Ramani aieleze kwa majina ya mahali yanayotumiwa na wenyeji, siyo kwa nambari za viwanja peke yake. Kila barua ya kukataa aimalizie kwa mstari mmoja unaosema rufaa ipelekwe kwa nani na mwisho wake ni siku gani. Mstari huo hauigharimu Serikali kitu, na thamani yake kwa mkulima ni sawa na thamani ya konde lake.

Mwalimu naye asisubiri kuulizwa. Somo la uraia si la kukariri majina ya vyombo vya dola tu. Watoto wa darasa la juu wanaweza kufundishwa kusoma tangazo la serikali, kuhesabu siku za rufaa, kuchora ramani ya shehia yao na kuandika barua rasmi. Mtoto akirudi nyumbani na ujuzi huo, nyumba nzima imepata karani. Mwanamke mjane, ambaye mara nyingi sehemu yake ya urithi hutajwa kwa mdomo na kusahauliwa kwa karatasi, atakuwa na mwanawe wa kumsomea kilichoandikwa kabla ya kutia dole gumba.

Wananchi nao wasidhani kuwa haki ni kuukataa mji. Bandari ikitengenezwa, mvuvi wa Wesha atauza samaki wake kwa bei njema. Maji yakifika, binti hatakwenda kisimani usiku. Mgeni njoo, mwenyeji apone: mji ni mgeni wa namna hiyo, akija kwa adabu. Kinachodaiwa ni kwamba mgeni apige hodi, aseme anachokitaka, asikilize jawabu, na akichukua kitu alipe.

Ndugu watumishi, ndugu walimu,

Mapinduzi ya 1964 yaliipeleka ardhi kwa umma, na sheria za baadaye zikampa mwananchi haki ya matumizi, fidia na rufaa. Haki hizo zimeandikwa. Zilizobaki ni kazi za afisini na darasani: tangazo kubandikwa penye watu, barua kujibiwa kwa sababu, tarehe kuandikwa, mirathi kugawiwa, pingamizi kusikilizwa. Kazi hizi hazina ngoma wala vigelegele. Lakini siku vigingi vitakapopigwa kati ya minazi ya Wesha, zitakuwa ndizo zinazomtenga mwananchi anayehamishwa na mwananchi anayeshauriwa. Heri zianze sasa, wakati wino wa ramani haujakauka.